Buluu ya Kufulia Kanzu

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na najua mmeanza kuulizana. Siumwi, sijahamia Dar, wala sijaacha uandishi. Nimo hapa hapa Pemba, mjini Chake, na habari naendelea kuziandika kama kawaida. Kilichoniteka ni rangi. Jioni nikitoka kazini, badala ya kwenda barazani kubishania mpira, naingia kwenye banda la fundi mmoja pembezoni mwa mji, navaa barakoa, nawasha kompresa na kupuliza rangi kwenye vyombo vidogo vya baharini. Majahazi ya nusu mita. Ngalawa zenye urefu wa mkono wa mtoto. Juzi, kwenye mkutano na waandishi wa habari, mheshimiwa mmoja aliviona vidole vyangu vya buluu akaniuliza nimepiga kura mara ngapi.

Basi leo nieleze, maana maswali yamekuwa mengi.

Nianze na kifaa chenyewe. Nikisema kupuliza rangi, wengi mnafikiria gereji na ile bunduki kubwa inayorusha rangi kwenye mlango wa gari. Hiki ni mdogo wake. Mafundi wanakiita eabrashi. Kina umbo la kalamu nene ya chuma, juu kina kikombe kisichozidi ujazo wa kijiko cha chai, na chini yake kimeungwa mpira unaoleta upepo kutoka kwenye kompresa. Ndani kuna sindano nyembamba inayoziba tundu la mbele, na tundu lenyewe ni la milimita 0.3. Ukibonyeza kitufe unapata upepo mtupu. Ukikivuta nyuma, sindano inarudi, tundu linafunguka, na upepo unaopita unaifyonza rangi na kuivunjavunja mpaka inakuwa ukungu. Chini upepo, nyuma rangi. Maelezo ni hayo tu, lakini kidole changu cha shahada kilichukua mwezi mzima kuyaelewa.

Wala si kitu cha jana. Mmarekani Abner Peeler alitengeneza cha kwanza huko Iowa mwishoni mwa miaka ya 1870, na katika miaka ya 1890 Charles Burdick akaja na kinachofanana zaidi na hivi vya leo. Wapiga picha walikitumia sana kusafishia nyuso za wateja wao. Yaani kabla ya simu zenu kujifunza kulainisha mashavu, kazi hiyo ilifanywa kwa upepo na wino.

Pemba kililetwa, kwa ninavyojua mimi, na mabegi ya watu. Fundi wangu alikitoa Mombasa. Yeye aliondoka hapa akiwa mdogo, mwaka 2001, pale ilipotokea yale ya Januari na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Wenzake wengi walirudi, familia yake ikabaki. Amekulia upande ule, amejifunza kazi kwenye gereji za matatu. Wanaoijua Kenya watakumbuka kwamba mwaka 2004, zile kanuni za Waziri Michuki zilifuta michoro kwenye matatu na kuziachia mstari wa manjano tu. Miaka kumi hivi baadaye michoro ikaruhusiwa tena, na vijana wenye vidole vyepesi wakapata ajira: sura za wanamuziki, chui, wachezaji wa Arsenal. Fundi wangu alikuwa mmoja wao. Aliporudi kwao Pemba alikuta gari za abiria hapa haziandikwi chui. Akabaki na kalamu yake na hana wa kumwandikia.

Mpaka alipokutana na vyombo vidogo. Hivyo hapa kwetu vipo tangu hapo. Mtoto wa Kipemba wa pwani anachonga dau kabla hajamaliza kuota meno: kandambili kuukuu, kipande cha mti, tanga la mfuko wa plastiki. Na wakubwa wapo wanaochonga kwa mti wa mfenesi, wanaotia mkuku, mataruma, mlingoti na foromali, kila kitu mahali pake, wakauzia wageni. Rangi ndiyo iliyokuwa taabu. Inapakwa kwa brashi, koti moja nene, linang'aa kama kikombe kipya. Unakitazama chombo unaona kazi nzuri ya seremala iliyovishwa plastiki.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Tunafanya kazi kwa kipimo cha moja kwa thelathini, kwa hiyo jahazi la mita 15 linakuwa sentimita 50. Kila kitu kinapungua mara thelathini, isipokuwa rangi, maana rangi haijui kama chombo ni kidogo. Ukipaka koti la robo milimita juu ya kijahazi, ni sawasawa na kulitandaza jahazi la kweli koti la milimita saba na nusu. Hakuna jahazi lililowahi kuvaa hivyo. Misumari inamezwa, mistari ya mbao inajaa, dirisha dogo la shetri linaziba. Ukungu wa eabrashi unakaa mwembamba mno hata ukitazama kwa karibu unaona mshipa wa mti chini yake, kama unavyouona kwenye jahazi la kweli lililopo bandarini Wete.

Hesabu ya pili ilinipendeza zaidi. Ukikitazama kijahazi hicho ukiwa mita moja, ni kama unalitazama jahazi la kweli kutoka mita 30. Na rangi ikitazamwa kwa mbali haibaki ile ile, kwa sababu hewa ya katikati, hasa hewa yetu hii ya chumvi, inaififisha. Panda juu kidogo pale Wete utazame chombo kinachokuja kutoka upande wa Fundo. Utaapa kuwa ni cha kijivu. Kinavyosogea ndivyo weusi unavyozidi kuwa mweusi. Kwa hiyo kijahazi hakipakwi weusi halisi hata siku moja. Fundi anatia tone la nyeupe katika kila rangi, na macho yanadanganyika kwamba chombo kipo mbali na ni kikubwa. Tangu aniambie hivyo sijaitazama tena bahari kwa namna ile ya zamani. Naenda Mkoani kufuatilia habari za meli, narudi na daftari limejaa "kijivu cha saa nne asubuhi" na "kijivu cha alasiri".

Kujifunza kwenyewe? Wiki mbili za mwanzo hukugusi chombo. Unapewa gazeti la zamani (mwandishi kupulizia rangi juu ya gazeti, fikiria!) na unachora nukta. Nukta mia, kisha mistari, kisha mistari inayoanza nyembamba ikanenepa ikarudi nyembamba. Rangi inachanganywa mpaka iwe nyepesi kama maziwa fresh, na kipimo chake ni kutazama inavyoteleza kwenye ukuta wa kikombe. Ikiwa nzito inatema. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, upepo unaitawanya juu ya mti na kuota miguu kama buibui. Upepo nao una kipimo. Tairi la gari dogo linajazwa paundi 30 hivi. Kijahazi kinataka 15 hadi 20. Kompresa yetu ni ile ya kuziba pancha, ina nguvu za kujaza tairi la lori, tunaifinya mpaka inanong'ona.

Halafu kuna Pemba yenyewe, ambayo vitabu vya kazi hii haviijui. Upepo uliobanwa ukipoa ndani ya mpira unatoa maji. Ulaya huko wanalalamika matone mawili matatu. Hapa, masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukifungua valvu ya chini ya tangi maji yanatoka kama umefungua bomba. Tone moja likipita kwenye tundu linatua katikati ya ubavu uliokwisha kulainika, na kazi ya siku tatu inaanza upya. Ndiyo maana katikati ya mpira wetu kuna kikombe cha plastiki cha kunasa maji, na tunakimwaga kila baada ya dakika chache kama tunaofota chombo kinachovuja. Kaskazini inapovuma, Desemba na Januari, shida inageuka. Joto linaikausha rangi ikiwa bado njiani, inafika juu ya mti kama unga. Dawa yake ni kufanya kazi alfajiri, baada ya sala, kabla jua halijapata nguvu. Nimeacha kuchelewa kazini kwa sababu ya kaskazi, mhariri wangu haamini.

Seremala anayetuchongea haipendi shughuli yetu. Ni mzee wa watu, ana mikono inayojua mti kuliko macho yake. Alikuja siku moja akasimama mlangoni, akatazama muda mrefu, akasema, "Hivi mnakipuliza chombo kama mnaoua mbu?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Kwake chombo kinapakwa, kinasuguliwa sifa kwa kitambaa mpaka mti unywe, na kila anayepaka anagundua ufa aliousahau. Ana hoja. Sifa, kwa msiotoka pwani, ni mafuta ya ini la papa na samaki wengine, ndiyo yanayoupa ubavu wa jahazi ule wekundu wa giza. Tulijaribu kumridhisha kwa kukipaka kijahazi kimoja sifa ya kweli. Nilikilaza nyumbani usiku mmoja. Asubuhi mama akaniambia nichague, chombo au chai.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonipeleka bandani, maana si mapenzi ya kalamu tu.

Miezi iliyopita niliandika habari kuhusu biashara ya majahazi kati ya Wete na Mombasa. Nikampata nahodha mmoja wa zamani, mtu mzima sana, aliyeongoza jahazi njia ile kwa miaka mingi. Tulikaa saa tatu. Aliniambia tani ngapi, mabaharia wangapi, kusi waliondoka lini na kaskazi walirudi lini. Nilipouliza mzigo wa karafuu ulikuwa na karatasi za shirika au la, alijipangusa mdomo akasema, "Mzigo ni mzigo, mjukuu wangu." Gazeti lilitaka maneno 400, nikapeleka 400. Habari ilipotoka nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na rangi yake?"

Rangi ya nani, babu?

"Ya chombo. Umeandika kila kitu, mtu akisoma hamjui akimwona."

Jahazi hilo halipo. Lilichakaa, likapasuliwa, mbao nyingine zikawa milango na nyingine kuni. Picha haipo hata moja. Mabaharia wake wote wametangulia mbele ya haki, kabaki yeye. Na yeye ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anakiona kivuli chako mlangoni na kukutambua kwa salamu. Maana yake, rangi za chombo kile zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa cha mzee mmoja wa Wete, na dirisha la kuzitolea lilikuwa linafungwa.

Nikamkumbuka mtepe. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, tanga lake la mkeka wa miraba minne, ndicho kilichobeba boriti na nafaka katika pwani hii kwa karne nyingi, hasa kutoka visiwa vya Lamu. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 20 kilikwisha toweka. Hakuna mtepe mzima hata mmoja uliobaki. Wanaotaka kuujua leo wanategemea maandishi ya waliouona, picha zisizo na rangi, na mifano midogo iliyochongwa na watu wa zamani, kama ile iliyopo katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus kule Mombasa. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, uonekane tena. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jengo hilo ikaporomoka, watu wawili wakafa. Nakumbuka nilivyokaa na simu mkononi siku ile nikiitazama picha ya kifusi. Kitu kikubwa hakina uhakika wa kudumu kuliko kidogo. Kile cha Lamu unaweza kukibeba kwapani ukakimbia nacho.

Kwa hiyo nilimwambia fundi: tumtengenezee babu jahazi lake. Seremala alikubali kuchonga, kwa sharti kwamba tusimpulizie yeye. Mimi nikabaki na kazi ya kuzitafuta rangi.

Na hapo nikagundua kwamba uandishi wangu wote haukuwahi kunifundisha kuuliza rangi. Ukimuuliza mtu "ilikuwa rangi gani" anakujibu "buluu" na mazungumzo yamekwisha. Kiswahili hakikuzisemea rangi hivyo. Kahawia ni ya kahawa, kijivu ni cha jivu, zambarau na chungwa ni matunda, damu ya mzee kila mtu anaijua. Wazee wetu walipotaka kutaja rangi walitaja kitu. Basi nikaacha kuuliza rangi, nikawa nauliza kitu: babu, ilikuwa kama nini?

Milango ikafunguka. Ubavu chini ya maji ulikuwa mweupe, lakini si mweupe wa karatasi, ni chokaa na shahamu iliyokaa miezi miwili. Ndani ya ukingo palikuwa rangi ya samli, "samli ya ng'ombe wa kwetu, si hii ya kopo." Mkanda wa juu, unaozunguka kutoka omo hadi tezi, ulikuwa buluu ya kufulia kanzu. Ile ya unga, mnaikumbuka, inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe iwe nyeupe zaidi. Na chini ya mkanda wa buluu ulipita mstari mwembamba wa rangi ya jani changa la mkarafuu.

Niliporudi bandani nikamsomea fundi orodha, alipofika kwenye jani akanyoosha mkono kwenye chupa ya kijani. Mtoto wa Mombasa, utamlaumu vipi? Jani ni kijani, na kisiwa chenyewe Waarabu walikiita cha kijani. Lakini aliyekulia chini ya mikarafuu anajua kwamba jani lake likichipua si kijani hata kidogo. Linatoka na wekundu wa waridi uliochanganyika na shaba, linang'aa kama limepakwa mafuta, na linakaa hivyo siku chache kabla ya kuwa kijani kama mengine. Mkarafuu ukichipua, kwa mbali unadhani umetoa maua. Nahodha alikuwa ameuzungushia chombo chake mstari wa mkarafuu unaochipua, na kwa mtu asiye wa hapa ungekuwa mstari wa pinki tu.

Ikabaki shida ya macho. Tunachanganya rangi, sawa, lakini nani atasema ndiyo hii? Nilisoma kidogo kuhusu mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inapozeeka inapata umanjano, kisha ukahawia, na inaichuja buluu kabla haijafika ndani, kama unavyotazama dunia kupitia chupa ya chai ya rangi. Kwa hiyo ukimpa babu kibao cha buluu anaona kijivu kibovu, na ukimuuliza kama ndiyo yenyewe atasema siyo, na atakuwa na haki.

Fundi ndiye aliyelitatua, na alilitatua kama mtu wa gereji anayefananisha rangi ya mlango uliogongwa. Hakumpelekea rangi peke yake. Alimwaga unga wa buluu ya kufulia kwenye sahani, akatia maji kidogo, akaviweka vibao vitano ubavuni mwa sahani, juani. "Usiseme ni buluu gani, mzee. Sema kipi kimefanana na sahani." Kama jicho linachuja, linavichuja vyote viwili sawasawa. Babu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa, akavisogeza vibao kimoja kimoja, akakiacha cha tatu. Kwa jani tulikwenda shambani asubuhi, nikachuma matawi machanga, nikayafunga kwenye kitambaa chenye maji na kukimbia nayo kwa bodaboda, maana jani changa likikatwa linanyauka upesi. Safari mbili zilikwenda bure. Ya tatu akachagua.

Kisha ikaja zamu ya chumvi. Chombo kilichofanya kazi hakiwi kipya, na kijahazi kikitoka bandani kinang'aa ni uongo. Watengenezaji wa vyombo vidogo kote duniani wana njia moja nzuri: unapuliza rangi ya chini, ya mti, unalowesha sehemu unazotaka zionekane zimechubuka, unanyunyiza punje za chumvi, unaacha zikauke na kushika. Halafu unapuliza rangi ya juu. Ikikauka unasugua kwa maji, chumvi inayeyuka na kuondoka na rangi iliyokuwa juu yake, mti unachungulia. Wenzetu wa ughaibuni wananunua chumvi dukani. Sisi tulitumia ya mashamba ya chumvi ya hapa hapa, punje kubwa zisizolingana, na chumvi ya bahari ikafanya kwa kijahazi kile kile inachofanya kwa jahazi.

Lakini unainyunyiza wapi? Hilo halikisiwi. Nikarudi kwa babu na kijahazi kikiwa na rangi ya mti tu, nikamwekea mapajani, nikamwomba anionyeshe kwa kidole palipokuwa pamechubuka. Wasomaji wangu, saa zile tatu za mahojiano hazikunipa nusu ya alichonipa alasiri hiyo. Kidole kilipita ubavu wa kulia katikati: hapa magunia yalikuwa yakiburutwa. Kikaenda omo: hapa nanga. Kikarudi tezi upande wa kushoto, kikasimama. Hapa, akasema, ndipo tulipopiga mwamba usiku wa kusi, tukatupa mzigo baharini, gunia kwa gunia, na baharia mmoja, kijana mdogo, alikuwa akilia si kwa kuogopa kufa bali kwa kuwa gunia moja lilikuwa la mama yake. Ubao ulibadilishwa Mombasa. Fundi wa kule hakuwa na buluu ile, akatia yake. "Palibaki kiraka. Kila nikikiona namkumbuka yule mtoto."

Niliuliza kiraka kilikuwa buluu ya nini. Akafikiri sana.

"Ya daftari la skuli."

Kwa hiyo kijahazi sasa kina buluu mbili. Kiraka ni cha urefu wa kucha mbili, kimepulizwa kwa tundu la milimita 0.2 tulilolitumia kwa mara ya kwanza, na kingo zake zimezibwa kwa tepu ya karatasi. Seremala alipokuja kukiona alikigeuza geuza juani, akaufuata mkanda kwa kidole gumba mpaka kwenye kiraka. "Ubao huu umetiwa baadaye," akasema. Hakuna aliyekuwa amemhadithia.

Babu bado hajakabidhiwa. Amepangiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho moja mwezi ujao, na ametukataza kumpelekea chombo kabla ya hapo. Daktari amemwambia akifunguliwa bandeji ataona buluu kwanza kuliko rangi zote, wengi hushangaa. Fundi ana wasiwasi kuliko mgonjwa. Kila siku anakitoa kibao cha tatu, anakitazama dirishani, anakirudisha.

Mbao zimekwisha, kamba zimekwisha, macho mawili ya mbao kule omo nayo tayari. Lililobaki ni tanga. Hilo halipulizwi. Babu anasema lilikuwa la merikani, ile nguo ya pamba nzito ya zamani, limezeeka mpaka likawa rangi ya mkate uliookwa vizuri. Nimezunguka maduka ya Chake na Wete, nguo wanazo nyeupe mno na nyepesi mno. Kama kuna mtu ana kipande cha merikani ya zamani kwa bibi yake, hata kiwe kimetoboka, ukubwa wa mto wa kulalia unatosha, naomba aniandikie. Nauli ya boti nitalipa mimi.